Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Vijana wetu wenye sikoseli na kisukari wapate mtu wa kuongea naye

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na alizaliwa na sikoseli. Dawa anapata, na manesi wa kliniki yake wanamjua kwa jina. Ninachokuandikia ni msongo wa mawazo.

Mwenye sikoseli anatakiwa anywe maji mengi, maana mwili ukipungukiwa maji chembe nyekundu za damu hupinda na kuziba mishipa, na hapo maumivu ya mifupa huanza. Lakini figo zake nazo hazihifadhi maji vizuri, kwa hiyo chooni anakwenda mara kwa mara. Mwalimu mmoja alichoshwa na hizo ruhusa, akamwambia mbele ya darasa zima kwamba anakwepa vipindi. Mtoto akaacha kunywa maji. Chupa aliyotoka nayo Mbagala asubuhi ikawa inarudi jioni haijafunguliwa. Wiki hiyohiyo tukalazwa. Kwenye faili waliandika upungufu wa maji na maumivu makali. Ile aibu haikuandikwa popote.

Daktari, unajua kuliko mimi kwamba mawazo hayabaki kichwani. Hofu hubana mishipa ya damu, na kwa hawa watoto hilo linaweza kuamsha maumivu. Kijana mwenye kisukari akiwa na msongo, sukari hupanda hata kama insulini amechoma sawasawa. Halafu akifika kliniki anaulizwa kwa ukali amekula nini. Inaniuma sana hiyo.

Na umri wenyewe ndio huo wa kutaka kufanana na wenzako. Mwanangu macho yana unjano, balehe imechelewa, umbo ni la mtoto wa darasa la sita. Mama hawezi kuambiwa kila kitu, na mimi sitarajii aniambie.

Hatuombi jambo geni. Kwenye CTC, yaani kliniki za huduma na tiba ya VVU, vijana wanaoishi na virusi hivyo wana washauri nasaha, na baadhi ya vituo vina klabu ambako wanakutana na wa rika lao. Ujuzi huo tunao hapahapa nchini. Naomba siku ya kliniki ya sikoseli na ya kisukari awepo mshauri, akae na kijana peke yake, mzazi asubiri kwenye benchi. Kliniki ya vijana ikiwezekana iwe Jumamosi, wasikose masomo.

Na kliniki zimwandikie kila mwanafunzi barua ya kumpa mkuu wa shule: huyu aruhusiwe kunywa maji darasani na kwenda chooni bila kuhojiwa. Ni karatasi moja na mhuri. Shule zikifunguliwa Januari, kila mtoto awe nayo mkononi.

Wako,
Mzazi, Mbagala