Kwa Zuhura, kuhusu vidonge vya Idi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, magoti ya bibi ni yale yale, na Hamisi bado anashikilia kwamba una deni lake. Hayo tutayaongea siku nyingine, maana ujumbe wako umeninyima usingizi: ati Idi anataka kuacha lithiamu, dawa ya ule ugonjwa wake wa akili wa kupandwa na uchangamfu kisha kuzama katika huzuni, kwa kuwa ameshapona, nawe unaona heri aupumzishe mwili.

Tafadhali usimuunge mkono. Utulivu huu mnaoushukuru ni kazi ya vidonge hivyo hivyo anavyotaka kuvitupa.

Kulikuwa na daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa Denmark, Mogens Schou, ambaye natamani Idi angemjua. Ndugu yake mwenyewe aliandamwa na sonona iliyoondoka na kurudi, kwa hiyo utafiti wa lithiamu ulimgusa nyumbani. Hakuwa wa kwanza. John Cade wa Australia ndiye aliyeandika mwaka 1949 kwamba wagonjwa waliopandwa na uchangamfu wa kupindukia, wale wasiolala wala kunyamaza, walitulia kwa lithiamu. Schou akaipima kwa utaratibu, akatoa matokeo mwaka 1954. Baadaye yeye na mwenzake Poul Baastrup wakaanza kusema jambo kubwa zaidi, kwamba dawa hii huzuia ugonjwa usirudi. Mabingwa wengine wa Uingereza wakawapinga waziwazi.

Ndipo wakafanya jaribio ambalo nataka umsimulie Idi, hata kama atanuna. Walichukua wagonjwa 84 waliokwisha kutulia kwa lithiamu, kama yeye alivyo sasa. Wengine wakaendelea nayo, wengine wakapewa vidonge vya kufanana visivyo na dawa ndani, pasipo kujulikana nani kapata nini. Katika miezi 5, kati ya 39 waliobadilishiwa, 21 waliugua tena. Kati ya 45 walioendelea, hakuna hata mmoja. Hayo yalichapishwa mwaka 1970, na kila nikiyafikiria namwona Idi katika wale 21, maana nao walianza jaribio wakiwa wametulia.

Malalamiko yake nayaamini. Mikono kutetemeka, kiu isiyoisha, kwenda haja ndogo kila saa, unene: yote hayo lithiamu huyaleta, na ni haki yake kuchoka. Lakini hayo ampelekee daktari. Huenda kipimo kikapunguzwa, huenda dawa ikabadilishwa, na kama ni kuacha, basi ni pole pole chini ya uangalizi. Kuikata ghafla ndiko kunakouita ugonjwa urudi mbio.

Halafu kwa habari ya kupimwa damu umemchanganya na Mwanaisha. Mwanaisha ana skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, na dawa yake ni klozapini. Anapimwa damu kwa sababu klozapini inaweza kumaliza chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Hata yeye usimtishe, maana ni dawa ya wale ambao nyingine zimewashinda: katika utafiti ulioongozwa na John Kane, uliotoka mwaka 1988, asilimia 30 ya wagonjwa wa aina hiyo walipata nafuu kwa klozapini, na asilimia 4 tu kwa dawa ya zamani. Idi anapimwa kwa sababu nyingine. Kati ya kiasi cha lithiamu kinachotibu na kiasi kinachodhuru pana nafasi ndogo sana, na figo na tezi ya shingo zinahitaji kuangaliwa. Akiharisha, akitapika au akikaukiwa na maji, kiwango hupanda. Ibuprofeni nayo hukipandisha, na nakumbuka ana tabia ya kuimeza kila kichwa kikimgonga! Ukiona anapepesuka, ulimi mzito, anatetemeka kuliko kawaida, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.

Narudi pale pale, nivumilie. Lithiamu ni kati ya dawa chache zenye ushahidi kwamba hupunguza watu kujiua. Unajua kwa nini nalitaja hilo. Ule usiku ulionipigia simu, wewe na Rashidi mkiwa nje ya mlango wake... siwezi kuuandika. Sitaki uupitie tena, wala yeye.

Sasa nijibu upesi. Ameshaacha, au bado anatishia tu? Kama ameacha, ni tangu lini, na usingizi wake ukoje? Ameanza tena kuongea haraka na kupanga biashara usiku wa manane? Mara ya mwisho alipimwa damu lini? Rashidi anasemaje, maana Idi, kaka yake, humsikiliza kuliko sisi sote? Na wewe, Zuhura, nani anakupokea zamu unapochoka? Nikija kukaa naye siku chache ili ulale, utanikatalia?

Wako akupendaye,
Saumu