Barua kutoka Choshi: reli inayolishwa na biskuti

Choshi, Mkoa wa Chiba, Japani

Baba Mdogo,

Shikamoo. Huku sote wazima. Uliuliza inakuwaje reli ijiendeshe kwa kuuza biskuti. Si utani, na kwa mtu aliyezeekea karakana ya TAZARA jibu halitakuwa geni.

Reli yenyewe ni kipande tu: kilomita 6.4, stesheni 10, njia moja, kutoka Choshi mjini hadi Tokawa kwa wavuvi. Treni inamaliza safari kwa dakika kama 20. Geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya njia, ni milimita 1067, ileile yenu. Kabla yake ilikuwapo reli nyingine hapa, ya 1913. Bei ya chuma ilipopanda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikafungwa mwaka 1917, vyuma vikang'olewa vikauzwa. Hii ya sasa ilifunguliwa 1923, ikatiwa umeme 1925, volti 600.

Mabehewa utayapenda. Mengine yalianzia Tokyo kwenye geji ya milimita 1372, yakauzwa mji wa Matsuyama, yakabadilishiwa bogi (fremu za magurudumu) huko, ndipo yakaishia hapa yakiwa wazee. Yaliyoingia kazini 2024 yanatoka kampuni ya Osaka yenye umeme wa volti 1500, kwa hiyo mitambo ililazimika kurekebishwa ikubali 600. Kununua mapya hakuna anayethubutu kutamka.

Tabu ni kwamba gharama haijali urefu wa reli. Choshi ni rasi iliyojitokeza baharini, upepo wa chumvi unakula kila chuma. Juu ya hapo, sheria inataka kila behewa lifunguliwe na kukaguliwa kwa vipindi; muda ukipita, halitembei. Mwaka 2006 fedha za ukaguzi hazikuwapo. Kampuni ikawaambia watu waziwazi: tununulieni biskuti zetu, tupate fedha za kutengeneza treni. Oda zikamiminika. Januari 2014 treni ikaacha njia karibu na stesheni ya Kasagami-Kurohae, na mara hiyo wanafunzi wa sekondari ya biashara ya hapa ndio waliochangisha fedha za matengenezo.

Biskuti hiyo inaitwa nure-senbei, yaani iliyolowa. Unga wa mchele unapikwa kwa mvuke, unapondwa, unakatwa vidonge bapa, vinakaushwa, kisha vinachomwa. Senbei ya kawaida ikishapakwa sosi ya soya hukaushwa tena ndipo iwe ngumu. Hii inatumbukizwa kwenye sosi ingali moto na haikaushwi, basi inabaki laini kama andazi la jana. Sosi haitafutwi mbali: ukifika Nakanocho, stesheni ya pili, harufu ya soya kutoka kiwanda cha jirani inakupokea.

Ukija mwakani, panda treni ya haraka iitwayo Shiosai, ya kampuni kubwa ya reli JR, kutoka stesheni ya Tokyo. Ni mwendo wa karibu saa mbili. Choshi usitoke nje. Fuata jukwaa hilohilo la JR hadi mwisho wake, treni ndogo iko hapo. Kadi ya nauli ya kugusa uliyopandia JR haitumiki humo, kwa hiyo iguse kwenye kile kimashine kilichopo kabla ya kupanda ili safari ya JR ifungwe. Wageni wengi hukipita, kesho yake kadi inakataliwa getini wasijue kosa. Mlipe kondakta taslimu; ukitaka kushuka njiani muulize tiketi ya siku nzima. Treni ni kama moja kwa saa, ipige picha ratiba mapema.

Shuka Inubo uone mnara wa taa wa 1874, wa matofali, ngazi 99. Magoti yakikataa, endelea Tokawa: stesheni ya mbao, na behewa la zamani limeegeshwa pembeni. Huko najua utakaa kuliko mnarani.

Nimetuma pakiti mbili. Zikishafunguliwa zifungwe vizuri, hewa inazifanya ngumu. Zikikakamaa, sekunde chache kwenye maikrowevu zinatosha. Mama Mdogo azionje kidogo kwanza, zina chumvi, na presha yake tunaijua.

Wako,
Mwanao