Yah: Kompyuta yenu ndogo imeshindwa kazi ya dukani

Duka la steshenari,
Barabara ya 9, Ngamiani,
Tanga.
18 Novemba 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA NDOGO YA MEZANI NILIYOINUNUA KWENU FEBRUARI 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, mwaka wa tisa sasa. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani vyeti, tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Mwezi Februari mwaka huu nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikaingia dukani kwenu na kununua kompyuta ndogo ya mezani kwa shilingi 1,450,000. Nakala ya risiti nimeiambatisha.

Nianze kwa kukiri kwamba niliipenda kwa sura. Meza yangu ni ya futi nne, na juu yake kuna printa, skana na marundo ya karatasi. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa kasha kubwa jeusi lililokaa chini, nikawa nalipiga teke kila ninapogeuka. Hii yenu ina ukubwa wa kopo la biskuti, nyeupe, pembe za mviringo, ubavuni imevishwa kitambaa cha kijivu, juu kioo, na hata uitafute kwa tochi huoni skrubu. Wiki za mwanzo wateja walikuwa wakiuliza kama ni redio. Nilifurahi. Mtu wa steshenari naye anapenda mahali pake pa kazi papendeze, kwa hiyo asije mtu hapo ofisini akadhani nalalamikia uzuri. Nalalamikia vitu vilivyoondolewa ili uzuri huo upatikane, na mimi nikauziwa bila kuambiwa kwamba vimeondolewa.

Kwanza joto. Mashine hii inavuta hewa kupitia mwanya mwembamba ulio chini, inaitoa moto kupitia kile kitambaa. Kitambaa ni chujio. Mashine ya kutolea kopi inamwaga unga wa karatasi siku nzima, mtaani kuna vumbi, na hewa ya Tanga ina unyevunyevu wa bahari unaoligandisha vumbi hilo likawa kama ukoko. Kufikia Julai, nikiweka kiganja ubavuni sikusikia hewa ikitoka. Feni ilikuwa inalia kama mzinga wa nyuki, maana feni ndogo lazima izunguke kwa kasi sana ili isukume hewa ambayo feni kubwa ingeisukuma taratibu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na ikishindikana mashine hujizima. Fundi wangu alinieleza hivyo, na ndivyo nilivyoshuhudia kwa macho yangu: saa nne asubuhi inafanya kazi vizuri, saa nane mchana unabonyeza herufi unaisubiri itokee, saa tisa kioo cheusi.

Agosti ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Ninyi mliopo Dar es Salaam huenda hamjui msimu huo ukoje kwenye steshenari za mikoani. Foleni inaanza alfajiri. Siku moja alikuja binti kutoka Muheza na mama yake, wamekuja na nauli ya kwenda na kurudi tu. Tulikuwa tumeshaskani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na barua ya mdhamini, imebaki kupakia, mashine ikazima. Ikawaka baada ya dakika ishirini, ikazima tena. Niliwapeleka kwa jirani yangu mwenye steshenari, wakaanza upya, wakaikosa gari ya jioni. Mama yule hakunisema neno. Alikaa kwenye benchi akaukunja na kuukunjua mkoba wake. Siku ile ndiyo niliyoamua kuandika barua hii, ila nikasema niwape kwanza nafasi ya kuirekebisha.

Kuna na kile kitufe cha kuwashia, ambacho si kitufe bali ni alama juu ya kioo inayotaka kuguswa tu. Kwenye duka la watu, kila mteja anaegemea meza. Akiweka mkono wake juu ya kioo wakati ananionyesha jina lililokosewa, kazi imelala. Nimebandika karatasi ya kuwakataza. Wanaisoma baada ya kugusa.

Matundu ya USB nayo ni mawili tu nyuma, na moja mbele la aina mpya ambalo hakuna flashi ya mteja inayoingia. Printa, skana, kibodi na mausi tayari ni vitu vinne. Nikanunua kigawanyio, kikaja na waya wake, na kwa kuwa adapta yenu nayo iko nje, kubwa kama tofali, ile meza niliyotaka ipate nafasi ikajaa nyaya. Juni umeme ulirudi kwa kishindo, adapta ikaungua. Kichwa chake ni cha aina ambayo hakuna duka hapa Tanga lenye nacho. Nimezunguka. Nilingoja siku 19 hadi mkanitumia nyingine, na kwa siku hizo zote nilikuwa na kompyuta nzima, ya bei, isiyo na mahali pa kupatia umeme.

Septemba nilimwita fundi aipulize vumbi kwa blowa, kazi ya nusu saa kwa kompyuta yoyote. Alikaa na bisibisi mkononi akiigeuzageuza. Mwishoni aligundua skrubu zimefichwa chini ya mpira uliogandishwa kwa gundi, na chini ya mpira kuna stika inayosema ikichanwa dhamana imekufa. Nikamwambia aache. Nikaifunga, nikaituma kwenu kwa basi. Ilikaa wiki tatu. Jibu lililorudi nayo lilisema mambo matatu: kwamba vumbi halimo kwenye dhamana, kwamba RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 haiongezeki kwa sababu imechomelewa kwa risasi kwenye mazabodi, ubao mkuu wa ndani, na kwamba nishauriwe kuitumia kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Ndugu Meneja, hilo la tatu limeniuma. Kipeperushi chenu, ambacho bado ninacho, kinasema kompyuta hii ni ya ofisi na ya duka. Kuna picha ya kijana amesimama nyuma ya kaunta. Muuzaji wenu aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia steshenari, Tanga, akasema hii ndiyo yenyewe. Kama ilitaka kiyoyozi, mahali pa kuniambia palikuwa pale, kabla sijahesabu pesa.

Wala hamuwezi kusema kwamba jambo hili halikujulikana. Mwaka 2000 Apple walitoa kompyuta ya Power Mac G4 Cube, mchemraba wa inchi 8 ndani ya plastiki angavu, hauna feni, joto linapanda lenyewe na kutokea juu, na kitufe chake nacho kilikuwa cha kugusa. Bei ilianzia dola 1,799. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yameuweka kwenye hazina yake, lakini wanunuzi walikuwa wachache, na Julai 2001 Apple wenyewe wakausimamisha. Mwaka 2013 wakarudia kwa Mac Pro ya umbo la mtungi, na mwaka 2017 wakuu wao wakakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo lile liliwabana kwenye joto, hawakuweza kuliendeleza. Iliyofuata mwaka 2019 ilikuwa kasha la kawaida, unazungusha mpini wa juu, linachomoka lote. Mac mini ya mwaka 2010 ilikuwa na kifuniko cha duara chini ambacho mtu anakizungusha kwa vidole na kubadilisha RAM. Ya mwaka 2014 RAM yake ikachomelewa. Kampuni tajiri kiasi kile imejikwaa hapohapo zaidi ya mara moja, hadharani, na mafunzo yake yako wazi kwa kila anayebuni kompyuta ndogo.

Na udogo wenyewe hauna kosa. Jirani yangu niliyempelekea yule binti anatumia ThinkCentre Tiny ya Lenovo, M93p, zile zilizotumika kwenye maofisi ya Ulaya zikaletwa huku. Ina upana wa sentimita 18 hivi na unene usiofika 4. Ni nyeusi, ya mraba, haina cha kumfanya mtu ageuke kuitazama. Nyuma ina skrubu moja. Ukiifungua hiyo kifuniko kinateleza, unaiona feni, unapuliza, na RAM ziko mbili za kuchomoa. Adapta yake nayo iko nje, nakubali, ila kichwa chake ni kilekile cha laptop za ThinkPad za miaka ile, unakipata hadi kwa wauza chaja wa stendi. Mtu aliyeichora alimfikiria fundi. Mtu aliyeichora yangu alimfikiria mpiga picha.

Siwaombi mtengeneze vitu vibaya. Kitambaa kile kingeweza kuwa kifuniko cha kuvuliwa na kufuliwa, kikabaki na uzuri wake. Skrubu nne zingeweza kukaa chini, wazi, hakuna mteja anayelala sakafuni kuzikagua. Kitufe cha kubonyeza kinaweza kupendeza. Mchoraji anayejua kazi yake angependa kupewa mitihani hiyo, na ningependa barua hii imfikie yeye pia, isiishie kwenye faili la malalamiko.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 1,450,000, au nibadilishiwe kwa kompyuta ndogo ya kawaida inayofunguka, na ikiwa bei yake ni pungufu basi salio lirudi. Naomba pia stika ile iondolewe nguvu: fundi kupuliza vumbi kusihesabiwe kuwa kuvunja dhamana, kwa wateja wote, si kwangu tu. Kipeperushi kiseme waziwazi kwamba RAM haiongezeki na kwamba mashine inahitaji chumba kisicho na vumbi. Na kama mnaendelea kuuza adapta za kichwa cha peke yake, wekeni akiba mikoani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya kuuziwa kitu kwa maelezo yanayopotosha. Sipendi kufika huko, kwani ninyi ni watu niliowaamini nikawapelekea akiba ya mwaka mzima, lakini nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 21 nitapeleka nakala ya barua hii, risiti na kipeperushi kwa Tume ya Ushindani.

Mashine iko hapa dukani ndani ya boksi lake, pamoja na adapta zote mbili, ile nzima na iliyoungua. Stika haijachanwa. Atakayetumwa kuichukua apige simu kabla, kwa sababu saa za asubuhi huwa niko kwa jirani naazima kompyuta yake.

Wako mwaminifu,

Mwenye duka
(jina, sahihi na namba ya simu vipo kwenye nakala niliyoituma kwa basi)