Sijakopa mimi, meseji za deni natumiwa za nini?

Mhariri, naomba nafasi niongelee hizi kampuni za mikopo ya mtandaoni, maana zimetuchosha. Mtu kakopa elfu 50 kwenye simu, akichelewa kidogo tu meseji zinaanza kumiminika kwa bosi wake, kwa mama mkwe, hadi kwa fundi bomba aliyemsevu mwaka juzi, eti fulani ni mwizi, wewe ndo mdhamini wake, mwambie alipe. Nimetumiwa sana hizo. Mdhamini gani wakati hakuna aliyeniuliza? Ile programu ukiiweka inaomba ruhusa ya kusoma kontakti zote, na mkopaji ana mgonjwa hospitali anataka hela sasa hivi, anabonyeza kubali, hapo namba zetu sote zishaondoka.

Haya, yeye kakubali kwa upande wake, ingawa hata hiyo ni ruhusa ya mtu aliyebanwa. Ya kwangu kakubali nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, Tume yake Rais Samia akaizindua Aprili 2024. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) nao Novemba 2024 walizitaja programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, na nawapongeza kwa kweli. Ila hilo ni suala la leseni, namba yangu bado wanayo, na kubadilisha jina la programu si kazi kubwa.

Wenzetu Kenya, Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwa wengine na kuwatumia meseji na simu za vitisho. Kampuni ikatajwa, kiasi kikatajwa, kila mtu akajua.

Ndo ninachoiomba Tume yetu. Tupewe namba fupi ya kuripoti kama ile 15040 tunayoripotia matapeli, mtu akitumiwa deni la mwenzake aifowadi hapo hapo, kampuni itajwe hadharani, ilipe, halafu ithibitishe imefuta namba zetu. Na hao wanaorusha picha za wadaiwa kwenye magrupu ya WhatsApp Tume ianze nao, wasisubiriwe walalamikiwe, maana aliyeaibishwa hivyo mara nyingi anaona haya hata kwenda kushtaki.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam