Chupa ile usiiache, wala usiizoee

Mwanangu mpendwa,

Jana kwenye simu uliniambia jicho lako lililopasuliwa haliumi tena, unaona vizuri, na dawa ya matone ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe, "imeshamaliza kazi." Sikukujibu palepale, maana nikianza jambo hili simalizi. Ndiyo maana nakuandikia.

Maneno hayohayo niliyasema mimi siku ya 9 baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Nikaiacha dawa. Siku ya 12 jicho lilikuwa jekundu na mwanga wa dirishani ulinichoma kama sindano. Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba upasuaji ni jeraha, na jicho hulijibu kwa uvimbe wa ndani. Steroidi huutuliza uvimbe huo wakati jicho linajiponya lenyewe, na ukiikatiza ghafla uvimbe unaweza kurudi. Ndiyo sababu mara nyingi huteremshwa ngazi kwa ngazi: labda mara 4 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 3, kisha 2, kisha 1. Wewe fuata ratiba uliyoandikiwa, si hiyo yangu.

Namna ya kuitia nayo ina ufundi wake. Nawa mikono. Dawa ikiwa nyeupe kama maziwa, tikisa chupa vizuri, kwa sababu chembe za dawa hutuama chini na utajikuta unatia maji matupu. Vuta kope la chini lifanye kama kifuko, tazama juu, tia tone moja. Moja tu! Jicho halina nafasi ya la pili, litakutiririkia shavuni. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Kisha fumba bila kukaza, ubonyeze taratibu kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua, dakika 1 au 2. Ukisikia ladha chungu kooni, ujue dawa imepita kwenye mfereji wa machozi. Kama una matone ya antibiotiki pia, subiri dakika 5 kabla ya kutia mengine, la sivyo ya pili yataiosha ya kwanza.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Kuna watu ambao steroidi huzuia maji ya ndani ya jicho yasitoke ipasavyo, presha ya jicho ikapanda, mara nyingi baada ya wiki kadhaa za kutumia. Kwa kawaida presha hiyo huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ikipanda polepole haiumi, haiwashi, nawe unaendelea kuona vizuri huku mshipa wa fahamu wa jicho ukiharibika. Kinachokufa pale hakirudi. Kwa hiyo siku ya kupimwa usiikwepe hata kama unajiona mzima, na baada ya tarehe ya mwisho usijiongezee wiki eti kwa sababu dawa inakupa raha.

Chupa ikibaki na dawa, itupe. Nyingi hazifai tena siku 28 baada ya kufunguliwa. Najua ulivyo mwepesi wa kusaidia watu. Mwenzako akiamka na jicho jekundu, usimpe. Jicho lililoingiliwa na fangasi au virusi vya malengelenge, steroidi hulipunguzia wekundu huku kidonda kikichimba kioo cha mbele. Mtu anashukuru leo, wiki ijayo haoni.

Wewe mwenyewe ukipata maumivu yanayozidi, usaha, wekundu unaoongezeka, au uoni ukififia, nenda siku hiyohiyo. Usinipigie mimi kwanza.

Jambo moja sijawahi kukwambia. Babu yako, baba yangu, hakupofuka kwa uzee kama tulivyokuwa tukisema nyumbani. Ilikuwa presha ya macho, nasi tulijua kwa kuchelewa. Wenye ndugu wa damu wa namna hiyo ndio hasa presha yao huweza kupandishwa na steroidi. Sidhani kama ulipoulizwa habari za ukoo ulilitaja, ungelitaja vipi na sisi tulinyamaza? Mwambie daktari kabla jicho halijapimwa, kisha uniandikie namba watakayoisoma, jicho la kulia na la kushoto.

Mama yako