Kwenye fomu ya mofini tuandike ndugu nani?

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, ntajitahidi nisirefushe ingawa najijua. Nataka kuongelea wazee wasio na ndugu wanavyokosa mofini, ile dawa kali ya maumivu, wanapofika mwisho.

Mimi ni mhudumu kwenye makazi ya wazee, mkoa sitautaja maana nikiutaja tu watu washajua ni wapi. Sio nesi, sio afisa ustawi, mi ni yule anayefua mashuka, anayeogesha wazee, anayekoroga uji saa kumi na moja alfajiri na anayegongewa dirisha usiku mtu akianguka chooni. Mwaka wa tisa huu. Kila tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee duniani, tunapata wageni wengi kweli, wanatuletea sukari, mchele, sabuni za mche, mablanketi, picha zinapigwa, tunashukuru sana na msiache kuja. Lakini kwa miaka yote hiyo sijawahi kumsikia mgeni hata mmoja akiuliza, hivi hawa wazee wakifika mwisho inakuwaje? Wanafia wapi, nani anakuwa pembeni, na wakiumwa yale maumivu ya mwisho wanapewa nini? Na wewe ukifikiria vizuri, makazi ya wazee ni mahali ambapo mtu anaingia na hatoki, ndo ukweli wenyewe, sasa hilo ndo swali la kwanza lilitakiwa kuulizwa.

Ntawasimulia mzee mmoja. Sisi tulikuwa tunamwita Babu tu. Alikuja nchi hii kijana kabisa kutoka Burundi kukata mkonge, wale waliokuwa wanaitwa manamba, na kama hamjui basi wazee wengi wa makazi ya serikali ndo hao, watu walioletwa mashambani kutoka mbali enzi hizo, mkataba ukaisha, mkonge ukaanguka bei, nyumbani hakurudi, mke hakuoa au alioa akafa, mwisho wa siku mtendaji wa kijiji anamleta getini na kifurushi. Wengine ni waliougua ukoma, maana baadhi ya haya makazi yalianza kama kambi za wakoma. Yaani ni watu ambao ukiwauliza ndugu zako wako wapi wanakuangalia tu.

Babu alipata saratani ya tezi dume na ilipogundulika ilishaingia kwenye mifupa, kiuno na mgongo. Hospitali ya kwanza walimwona, wakampiga picha, daktari akaniita pembeni akaniambia maneno ambayo naomba msomaji uyakariri kwa sababu ndo ninayoyalalamikia: mrudisheni tu, hamna cha kufanya. Tukarudi naye kwenye bajaji, kila tuta mzee analia. Kwenye kabati letu la dawa tulikuwa na parasetamo na diklofenaki, basi. Nampa parasetamo mbili mtu ambaye mfupa unaliwa, nikawa najiona kama nazima nyumba inayoungua kwa kikombe.

Wiki za mwisho Kiswahili kikaanza kumtoka. Wazee wengi wanakuwa hivyo, akili ikichoka inarudi kwenye lugha ya mama, hata aliyekaa huku miaka sitini. Akawa anasema usiku kucha neno moja, ndababara, ndababara. Sisi tukajua anaita mtu, labda mwanaye, labda mke, mwenzangu mmoja mpaka akawa anamjibu "anakuja Babu, yuko njiani". Siku ya nne au ya tano ndo mzee wa chumba cha jirani, Muha wa Kasulu, akatuambia nyie watoto mbona mna mambo, huyu haiti mtu, anasema naumia. Kiha na Kirundi wanasikilizana. Mhariri, usiku ule sikulala, na sijui kama nimeshausamehe mpaka leo.

Asubuhi yake mfawidhi wa makazi yetu akasema tusije tukalaumiwa mtu akifia hapa bila matibabu, apelekwe tena hospitali. Simlaumu sana, ana wakubwa wake, na makaratasi yanataka kuonyesha kwamba mzee alipelekwa. Tukampakia. Tulipofika tukaambiwa tusubiri faili. Babu alifia kwenye benchi, kichwa kikiwa mapajani kwangu, mbele ya watu waliokuja kupima malaria, na juu ya dirisha pale kuna bango limeandikwa wazee kwanza. Babu alikuwa Mwislamu, na hata shahada hakuna aliyemsomea, mimi ni Mkristo siijui vizuri, na aliyekuwa anaijua, yule mzee wa chumba cha jirani, tulimwacha makazini kwa sababu gari lilikuwa limejaa.

Sasa kwa nini nasema "hamna cha kufanya" ni uongo. Nasema hivyo kwa sababu mwaka uliofuata nilikuja kuona kinachofanyika. Bibi mmoja hapa hapa kwetu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, na kwa bahati tu (bahati kabisa, paroko alikuwa anamfahamu mtu) akaja nesi wa tiba shufaa kutoka hospitali ya kanisa. Hilo neno shufaa mwanzoni liliniletea shida, nilidhani wanakuja kuomba, Waislamu wenzetu wanalijua kama maombezi. Kumbe ndo jina la Kiswahili la ile huduma ya kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi, usiishie kwenye ugonjwa, umwangalie maumivu, kichefuchefu, vidonda, hofu yake, dini yake, madeni yake hata, na wanaomuuguza nao uwaangalie.

Yule nesi alikuja na chupa. Ndani mofini ya maji, yaani unga wa mofini umechanganywa na maji, unapimwa na bomba la sindano lisilo na sindano, mgonjwa anamimina mdomoni, kila baada ya masaa manne, ile ya usiku wakati wa kulala anapewa mara mbili ili asiamke saa nane kwa maumivu. Akatuambia lazima na dawa ya kulainisha choo iende sambamba kwa sababu mofini inafunga choo, na ikikosekana kuna wanaotumia mbegu za papai zilizokaushwa. Mwenzangu akauliza kwa sauti kile ambacho wote tulikuwa tunakiogopa: sista, si atakuwa teja? Nesi akacheka mpaka akakaa. Akasema mgonjwa mwenye maumivu ya kweli akipewa kipimo chake sawasawa hatafuti kulewa, anatafuta kulala, anzeni na kidogo mpandishe taratibu na mniandikie kwenye daftari kila mnapompa. Siku ya pili Bibi aliomba kioo. Miezi minne hakuwahi kuomba kioo.

Na kitu kingine alichoomba ni ugoro. Sisi tulikuwa tumemnyang'anya ugoro wake tangu alipoingia, eti afya. Nesi akatuangalia hivi, akasema afya ipi tena jamani, mpeni Bibi ugoro wake. Nikaenda sokoni mwenyewe kumnunulia.

Tukafundishwa mambo ambayo hayana gharama kabisa na ningeyajua wakati wa Babu mambo yangekuwa tofauti. Kumgeuza mgonjwa kila masaa mawili asipate vidonda vya kulalia. Kulowesha midomo kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji hata kama hanywi tena. Na hili lilikuwa gumu kwangu mimi mtu wa jikoni, kutomlazimisha kula. Mtu akiwa anaondoka mwili unaacha kutaka chakula, sisi tunaona kama tunamuua kwa njaa, tunamshindilia uji, anapaliwa, uji unaingia kwenye mapafu, hapo ndo tunamtesa kweli. Na ile pumzi ya kukoroma ya mwisho inayotutisha, akatuambia mara nyingi yeye mwenyewe haisikii, mlazeni ubavu, mpunguzeni mto, mkae naye. Bibi alifia kitandani kwake, saa tatu asubuhi, wenzake wa bwenini wakiwa wamemzunguka wanaimba, mmoja kashika mguu wake. Hakuna gari lililowashwa.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe, naona nimeshaanza kuwachosha. Baada ya Bibi nikasema aah, kumbe dawa zipo, basi na mgonjwa wetu aliyefuata nikaenda mwenyewe kule wanakotoa mofini. Sio siri kwamba hii huduma ipo Tanzania, hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam wanayo, hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT) kama Selian Arusha wameifanya miaka mingi, na hospitali ya Muheza kule Tanga pia. Wagonjwa wenye familia wanapewa chupa wanarudi nayo nyumbani, mtoto au mke anafundishwa kupima. Nami nikafika dirishani nikiwa na cheti. Naulizwa, ndugu wa mgonjwa nani? Nikasema hana, anakaa makazi ya wazee. Wewe ni nani yake? Mhudumu. Wewe ni nesi? Hapana. Basi dawa hii hatuwezi kukupa, ni dawa yenye sheria, lakini mngekuwa na zahanati pale ingekuwa rahisi, au mlete ndugu. Nikarudi mikono mitupu. Hospitali siitaji, na yule dada wa dirishani hakuwa na roho mbaya, ndivyo alivyofundishwa, mofini inakaa kwenye kabati la kufuli mbili na kila tone linaandikwa kwenye rejista.

Yaani angalieni hesabu hii. Mzee mwenye watoto sita anapewa mofini kwa sababu ana mtu wa kusaini. Mzee asiye na mtu duniani, ambaye serikali au kanisa ndo baba yake na mama yake, ananyimwa kwa sababu hana mtu wa kusaini. Na makazi nayo sio hospitali kwa hiyo dawa haikai, na sio nyumbani kwa hiyo mzee hatambuliki kama mgonjwa wa nyumbani. Sasa ni nini? Kwake yeye ni nyumbani jamani, hana pengine.

Tusiseme sheria haiwezekani kuigusa. Uganda hapo jirani, Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na mofini ya maji hiyo hiyo, na ilipofika 2004 nchi ile ikaruhusu manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe bila kusubiri daktari, kwa sababu waliona daktari ni mmoja na wanaoumia wako vijijini. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 56.8 wanahitaji huduma hii kila mwaka na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu, na mwaka 2014 nchi wanachama zilikubaliana Geneva kwamba iingizwe kwenye mifumo ya afya. Sisi sera ya wazee tunayo tangu 2003. Makaratasi hayajawahi kuwa shida yetu.

Ninachoomba mimi wala sio majengo. Kila makazi ya wazee, ya serikali na ya dini, yaunganishwe kwa jina na timu ya tiba shufaa ya hospitali iliyo karibu, nesi aje hata mara moja kwa wiki mbili, na pikipiki inatosha. Wahudumu wawili wa kila makazi wafundishwe kupima mofini na kuandika daftari kama anavyofundishwa mke wa mgonjwa, na waandikwe rasmi kwamba ndo walezi, ili wakifika dirishani wasiulizwe ndugu. Na mzee akiwa bado ana akili zake, tumkalishe tumuulize taratibu: Babu, ukizidiwa unataka upelekwe hospitali au ubaki na wenzako? Unataka aitwe shehe au padri? Uzikwe vipi? Kuna mtu popote unataka apewe habari? Watu wanasema kumuuliza mzee hivyo ni kumchuria. Mimi nimeshaanza kuwauliza kimya kimya nikiwa nawanyoa, na hakuna hata mmoja aliyekasirika, mmoja aliniambia mjukuu wangu nilikuwa nasubiri nani ataniuliza. Huyo anataka azikwe na kofia yake. Nimeandika. Na kwa wale wenye lugha zao nimeanza daftari dogo, neno naumia, neno maji, neno nashikwa na baridi, kwa Kirundi, Kiha, Kimakonde na Kinyasa, wazee wenyewe ndo wananitajia na wananicheka ninavyotamka.

Sahizi ninapoandika tuna mzee ana saratani ya koo, chakula kigumu hakipiti, bado anaongea na anapenda kusikiliza mpira redioni. Maumivu yameanza wiki iliyopita. Jumatatu nakwenda tena pale dirishani. Safari hii kwenye faili lake, ile sehemu ya ndugu wa karibu iliyokuwa na mstari mtupu, nimeandika jina langu, na kwenye uhusiano nimeandika mjukuu. Yeye mwenyewe kaweka dole gumba.

Ni mimi mhudumu,
Makazi ya wazee