Bei ya mtambo sio gharama ya kusafisha

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kulinganisha teknolojia za kusafisha maji na udongo uliochafuliwa, na nashukuru sana maana wanaoyaandika haya mambo ni wachache, ila lile jedwali limeniuma kwa sababu mmepanga mitambo kwa bei ya kununulia tu, wa bei poa juu wa bei ghali chini, alafu mkasema wa juu ndo wenye tija. Hapana jamani, hapo hesabu ndo kwanza inaanza.

Angalieni maji ya chini ya ardhi yaliyoingia viyeyusho vya viwandani kama traikloroetilini. Kufunga pampu ya kuyavuta hayo maji na filta ya kuyasafisha ni hela ndogo ukilinganisha na kuchimba udongo wote na kuuhamisha, kwa hiyo kwenye jedwali pampu inashinda. Sasa subiri. Mwanzoni uchafu unashuka haraka kila mtu anafurahi, alafu unagoma, kwa sababu kiyeyusho kimejipenyeza kwenye tabaka za mfinyanzi na kinatoka huko kidogo kidogo, ukizima pampu baada ya muda unapima tena unakuta kimepanda. Basi watu wanavuta maji miaka na miaka, umeme unalipwa, kaboni ya kwenye filta, ile inayonasa uchafu, ikishiba inabadilishwa, sampuli zinaenda maabara, na ile kaboni iliyoshiba nayo ni uchafu unaotaka pa kwenda.

Na hapa kuna kitu wengi hawakigusi kabisa, nacho ni riba inayotumika kuzileta hela za miaka ijayo kwenye thamani ya leo. Mwongozo wa mwaka 2000 wa EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, kwa maeneo ya Superfund, yaani mpango wao wa kusafisha maeneo yaliyochafuliwa vibaya, unatumia asilimia 7. Piga hesabu ya uendeshaji wa dola 100,000 kila mwaka kwa miaka 30: kwa asilimia 7 unapata kama dola milioni 1.24 za leo, kwa asilimia 3 unapata kama milioni 1.96. Pampu ni ile ile, uchafu ni ule ule, ila mmoja atasema ni rahisi mwingine atasema ni ghali! Riba ikiwa kubwa inapendelea njia ya polepole na mzigo unaangukia watakaokuja, na mimi naona hilo ni suala la haki kabisa sio la wahasibu peke yao.

Halafu mmegawanya gharama kwa kilo za uchafu uliotolewa. Kilo ya zebaki na kilo ya vumbi la kawaida haziwezi kukaa mstari mmoja, tunachotaka kujua ni madhara kiasi gani yamepungua kwa watu wanaokunywa yale maji na kuvuta ile hewa. Tena asilimia 90 za mwanzo za uchafu mara nyingi zinatoka kwa hela kidogo, zile za mwisho ndo zinameza bajeti, kwa hiyo wastani wa jumla unaficha pale ambapo uamuzi wenyewe upo.

Naomba mlichape upya hilo jedwali mkiweka gharama za uendeshaji, idadi ya miaka, riba mliyotumia na taka zinazobaki zinaishia wapi, maana kuna watu watalitumia kuchagua mtambo.

Msomaji wenu